Mafuta ya Kumbikumbi

Papa Zakaria alinywa chai haraka, akachukua jembe, akaenda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake alikuwa njiani kutoka Banalia. Mama huyo hupenda lituma, ndizi za kupondwa, na kumbikumbi kuliko nyama.

Mwaka jana Zakaria alivunja kichuguu kingine ili ampikie. Aliwatoa kumbikumbi wembamba, mabawa bado mafupi. Mama mkwe alitafuna, akacheka mbele ya watu.

"Bokilo, mukwe wangu, hii iko kumbikumbi ao iko kucha?"

Kichuguu kile kikafa. Sasa kimebaki hiki kimoja tu.

"Papa Zakaria! Unalima kichuguu?" Ilikuwa sauti ya jirani yake, Chancelle, mwalimu wa biolojia.

"Mama mukwe anafika leo, Mwalimu. Nitamupa nini?"

"Mupe samaki. Hawa kumbikumbi hawajaiva."

Chancelle akasogea karibu. "Kumbikumbi anaruka mara moja tu, kutafuta mwenzake. Wakipatana, wanaangusha mabawa, wanachimba shimo, wanajifungia mule. Hawatoki kutafuta chakula. Wanaishi kwa akiba ya mwili wao mpaka watoto wa kwanza waanze kazi. Ndiyo maana wanalishwa sana nyumbani mbele ya safari."

"Donc nilikamata bibi arusi akiwa angali mezani?"

"Voilà! Ngoja mvua kubwa. Watafungua milango wenyewe. Funika upande mmoja kwa majani ya ndizi, ukamate pale. Upande mwingine uache, waende kujenga vichuguu vipya. Na uwakaange mara moja. Wakipapatika ndani ya ndoo, wanamaliza mafuta."

Zakaria alirudisha jembe. Mama mkwe alifika, akala nusu ya samaki, akafunika sahani. Sahani hiyo ilimuuma Zakaria kuliko kicheko cha mwaka jana.

Kabla mama mkwe hajaondoka, mvua kubwa ilinyesha. Ilipokatika, kichuguu kilichemka mabawa. Watoto walikimbilia upande ulio wazi.

"Waache wale!" Zakaria aliita. "Wale wanaenda kuoana!"

Chini ya majani, ndoo ilijaa upesi. Mke wake, Micheline, akawakaanga papo hapo bila tone la mafuta. Walijikaanga kwa mafuta yao wenyewe.

Mama mkwe alitafuna polepole. Midomo yake iling'aa.

"Bokilo," alisema, akiwatazama wengine wakipaa juu ya migomba, "na wale?"

"Wale ni wa miaka ijayo, mama."

"Bon." Akasukuma sahani yake mbele. "Basi nitarudia. Ongeza."