Mawe ya Konani

Jua lilikuwa linazama Kiraka alipotumwa mafuta ya taa. Mkewe alikuwa amekaa kizingitini, tumbo limemtangulia, miguu imemvimba.

"Urudi kabla ya giza. Na usisimame kupiga soga, nakujua."

Kiraka ni jina alilobandikwa na kijiji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuziba mashimo ya barabara: ile ya udongo inayochepuka kutoka njia kuu, inapita katikati ya nyumba na kwenda kufia ufukweni. Alikuja kwa kuoa, akapewa toroli na sururu. Si mtu mbaya. Ila mvivu, na mvivu akipewa toroli hutafuta mteremko.

Kifusi kilikuwa mbali, machimboni. Lakini konani, pale barabara inapopinda, palikuwa na rundo la mawe, limeumuka kama kichuguu, halina mwenyewe. Kila apitaye huokota jiwe, akalitupa pale, akaenda zake kimya.

"Wajinga wananikusanyia kifusi," alisema, "mimi ni nani nikatae?"

Akachota. Akaziba shimo la konani, la dukani, la kisimani. Yaliyobaki akamjengea mkewe ngazi fupi mlangoni, asikanyage matope.

Hakuna aliyemkataza. Walikaa barazani wakimtazama kama watu wanaomtazama mbuzi wa jirani akila sabuni.

Basi alikuwa anatoka dukani na chupa yake, mwanga umebaki wa kuazima, akasikia nyuma yake...

Kok.

Jiwe juu ya jiwe.

Akageuka. Konani, juu ya kiraka alichokitia kwa mikono yake, amesimama mwanamke. Kichwa kimebonyea upande. Harufu ya udongo uliofukuliwa ikamjia puani. Yule mwanamke hakutembea. Alikusanya miguu pamoja, akaruka, akatua kwenye kiraka cha dukani.

Kok.

Pasipo na jiwe, hakanyagi. Alimpita Kiraka karibu kumgusa, wala hakumtazama.

Mama mkwe wake alikuwa kwenye baraza ya duka, anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mama," Kiraka alinong'ona, "yule nani?"

"Unaniuliza mimi? Si umemtoa mwenyewe?"

"Mama, nakuomba..."

"Tulimpiga mawe pale konani, mimi bado msichana. Walisema mchawi. Alipokataa kunyamaza tukaongeza mawe. Mpaka leo tunaongeza."

"Mbona hukuniambia?"

"Mjuaji haambiwi. Na nilitaka kuona kama bado yumo." Akapuliza pumba. "Usitetemeke, mwanaume mzima. Viraka vyako vinaishia kisimani. Atatumbukia humo, tutamfunika."

Mama huyo alikuwa amenuniana na bintiye. Tangu mvua zianze alikuwa hajakanyaga kwake.

"Haviishii kisimani, Mama," Kiraka alisema. "Nimejenga ngazi. Mlangoni kwangu."

Ungo ukaanguka.

Kiraka alikimbia. Chupa ilimponyoka, ikapasuka. Mbele yake, gizani...

Kok.

Kisha kimya.

Mkewe alikuwa amekaa palepale kizingitini, nyayo juu ya ngazi. Anatabasamu. Tumbo lilikuwa limelala bapa. Mapajani amepakata jiwe, amelivisha nguo ya mtoto, analipapasa mgongo taratibu.

"Umechelewa, mume wangu." Sauti yake ileile. "Njoo umwone mwanao."

Alinuka udongo.

Ndipo chini ya ngazi, chini ya zile nyayo, mtu akakwaruza.

"Kiraka... ni mimi. Nitoe."

Sauti yake ileile.

Mama mkwe alifika anahema. Akatazama juu. Akasikiliza chini. Kiraka alimshika mkono. "Mama, yupi wako?"

Mama aliinama, akaokota jiwe, akalitupa yeye wa kwanza.

Siku hizi barabara haipindi tena pale konani. Inapinda kwa Kiraka, ikizunguka rundo lililomeza nyumba mpaka paa. Apitaye hutupa jiwe, akaenda zake kimya. Humo ndani mmoja anabembeleza mtoto, mwingine anaomba atolewe, na sauti ni moja.

Kiraka sasa huchota kifusi machimboni, mbali, halalamiki. Jioni akirudi na toroli lake husimama pale. Huitwa kwa jina lake la utotoni, ambalo mkewe peke yake alikuwa akilijua.

Huokota jiwe.

Huchagua dogo. Lakini hutupa.