Kamani ya Saa ya Bonaventura

Bonaventura alipoiweka saa yake mezani, saa zote za ukutani kwenye banda la Peniel zilianza kugonga kwa mpigo mmoja. Peniel, fundi saa wa siku nyingi pale Singida mjini, aliinua kichwa, akapuuza.

Saa yenyewe ilikuwa feki. Jina la Kizungu usoni mwake lilikosewa hata herufi. Bonaventura alilijua hilo. Alichotaka ni kuambiwa mashine ya ndani imetoka wapi: kama ni ya Kijapani aivae, kama ni takataka aachane nayo. Akaiacha, akaenda zake.

Peniel aliifungua. Bamba lilikuwa la Kichina, hilo halikumsumbua, na skrubu zilikuwa za Kijapani, zimeng'olewa kwenye saa nyingine. Lakini gurudumu dogo linaloyumba, lile lenye kamani nyembamba, ule uzi uliojiviringa wa kulirudisha, hakulitambua. Halikuwa na muhuri wala namba. Harufu ya udongo mbichi ilipanda kutoka ndani ya saa, na ule ulikuwa ukame wa Septemba. Akaliinamia, akanong'ona kama mtu anayezungumza na kazi yake, "Wewe umetoka wapi?"

Akalichomoa kwa kibano. Mlio wa saa haukukoma.

Aliifungia saa pamoja na gurudumu lake kwenye kitambaa, akaenda nyumbani Unyambwa kula mchana. Mkewe, Hana, alikuwa anasonga ugali wa mtama, mwiko ukigonga sufuria kwa mpigo uleule wa saa, na aliposemeshwa hakugeuka; na mkekani binti yao Rahel alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, kifua kikipanda na kushuka kwa mpigo uleule, na mpigo wenyewe, Peniel alitambua, ulikuwa unapungua kasi, kama wa saa inayoishiwa ufunguo.

Alifungua kitambaa, akashika kifundo cha pembeni mwa saa, akaitia ufunguo. Rahel akavuta pumzi. Hana akauachia mwiko, akamwona mtoto, akatoka mbio kumwita Bi Amne, jirani yao anayetibu watu waliopandwa na majini.

Bi Amne alifukiza ubani, akasikiliza habari yote.

"Ulimuuliza atokako?" alisema kwa sauti ya chini.

"Niliuliza tu, mama. Ni kazi yangu."

"Jini ukimuuliza asili yake, umemkaribisha. Sasa mtaje alikotoka. Asipotajwa hatoki."

Midomo ya Rahel ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzee. "Hanijui," ilisema.

Kifundo kilianza kuteleza, hakishiki tena, na kifua cha mtoto kikawa kinangoja kabla ya kupanda, kikingoja zaidi kila mara, huku Peniel akiwa amelisogeza lile gurudumu mlangoni kwenye mwanga, lenzi jichoni, akiizungusha kamani kwa ncha ya kibano, asione chuma, asione shaba, mpaka alipofika mwisho wake na kuona kijishina cheupe, na juu yake chembe za udongo mwekundu.

"Ni unywele," alisema. "Umeng'olewa pamoja na shina lake. Wewe umetoka kichwani mwa maiti, kaburini."

Bi Amne aliutupa unywele kwenye makaa. Bati la nyumba lilitikisika kutoka ukuta hadi ukuta, kisha pakatulia. Rahel aliketi, akaomba maji. Hana alimkumbatia, akalia bila sauti.

Jioni ileile Peniel alimfuata Bonaventura dukani kwake, akamweleza kila kitu, akamuuliza ile saa aliipata wapi.

"Mnadani Ilongero," Bonaventura alijibu. "Mchuuzi alikuwa na mfuko mzima wa saa kama hizo. Watu walizigombania."

Ng'ambo ya barabara dereva wa bodaboda alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, mkono wenye saa ukining'inia. Abiria alikuwa anamtikisa bega, akimwita kwa jina, akimwita tena.