Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumanne hiyo asubuhi nyumba ya Emrys Probert ilikuwa imetulia. Mvua ya bonde la Rhondda, huko Wales, ilinyesha taratibu, birika la chai lilikuwa mezani, na mkewe, Mair, alikunja mashuka mapya ya mama yake. Mama huyo, Bi Gwladys, alikuwa amevunjika nyonga, na hospitali ingemruhusu Ijumaa. Asipopata chumba cha chini, kwa kuwa hawezi ngazi, angepelekwa makao ya wazee, na Mair hakutaka hata kulifikiria jambo hilo.

"Chumba cha mbele kitakuwa tayari?" aliuliza.

"Umebaki ukuta wa dohani tu, mke wangu. Kwani unaongea na nani? Fundi plasta huyu."

Fundi kweli, tusimnyime haki yake. Akikuta ukuta mkavu wa zamani katika nyumba ya mteja, Emrys huurushia maji kwanza na kutazama. Maji yakimezwa papo hapo, anajua ukuta huo una kiu: utainyonya plasta kabla mwiko haujamaliza kazi, na plasta iliyokaushwa hivyo haishiki. Basi hupaka gundi iliyozimuliwa kwa maji, huiacha ikauke hadi kesho yake, hupaka tena, kisha hupiga plasta wakati mpako wa pili bado unanata kidoleni. Kwa jirani yao, Bi Price, alifanya hivyo wiki ileile.

Lakini kwake? Hebu niwaulize, ninyi mnaosifiwa kazini: nyumbani kwenu ni mlango gani umelegea bawaba tangu mwaka juzi? Kwa Emrys ulikuwa mlango wa uani. Mair alikwisha acha kuusema.

Alhamisi saa kumi jioni ndipo alipobandua karatasi za ukutani. Saa kumi na mbili alikuwa na mazoezi ya kwaya ya wanaume, kama kila Jumanne na Alhamisi, na hakuwahi kuyakosa.

"Hujaurushia maji," Mair alisema.

"Naupiga hivi hivi. Mama yako haji kukagua, anakuja kulala."

Akachanganya plasta, akaipaka nene ili kufunika mabonde. Kabla hajafika chini, ya juu ilikwisha kuwa ngumu. Akainyunyizia maji, akakandamiza mwiko hadi mabega yakauma. Ukuta ukaonekana laini, naye akaenda kuimba.

Sasa, Bi Gwladys alikuwa mjane wa fundi plasta. Alipofika Ijumaa alisimama mbele ya ukuta ule, uliokuwa kichwani mwa kitanda chake, akaugonga kwa kishikio cha fimbo yake, nao ukalia kama debe tupu.

"Emrys, mwanangu, humu ndani kuna hewa."

"Nyumba ya zamani hii, mama. Kila kitu kinalia."

"Basi kisogezeni kitanda dirishani."

Alikisogeza huku akimkonyeza Mair, lakini Mair hakucheka.

Jumapili walikuwa wanakula nyama ya kondoo waliposikia kishindo. Walikuta kipande cha plasta kikubwa kama meza kimeanguka na kuvunjikia pale pale ambapo mto wa Bi Gwladys ulikuwa uwekwe.

"Hapo ndipo ningemlaza," Mair alisema kwa sauti ndogo.

Emrys aliinama, akaokota vipande kwa mikono ile ambayo bonde zima liliisifu. Bi Gwladys aliingia polepole na fimbo yake, akautazama ukuta, kisha akamtazama mkwewe.

"Kwa Bi Price ulipaka gundi mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Na hapa?"

"Hata mara moja," Emrys alisema. Aliona aibu ambayo hakuna mteja aliyewahi kumtia.

"Nipelekeni huko makao ya wazee," Bi Gwladys alisema bila hasira. "Ukuta si hoja. Ila nimeshajua nawekwa wapi katika nyumba hii."

"Nipe siku tatu, mama," Emrys alisema. "Tatu tu. Ukiwa bado unataka kwenda, nitakupeleka mwenyewe."

Alikwangua plasta yote hadi ukuta wa kale ukaonekana, akaufagia vumbi. Akaurushia maji, nayo yakapotea papo hapo. Akapaka gundi, akasubiri hadi Jumatatu, akapaka tena. Aliposikia inanata alimwita mama mkwe, naye akaigusa kwa kidole na kutikisa kichwa kukubali. Safari hii plasta ilimsubiri Emrys, akailainisha kwa nafasi. Jumanne, bila kuambiwa, akabadilisha bawaba za mlango wa uani, na kwaya ikaimba bila yeye.

Jumatano Bi Gwladys aliugonga ukuta kuanzia chini hadi fimbo ilipofika. Kila mahali ulijibu sauti moja nzito. Mair alisimama mlangoni, kaishika fremu.

"Emrys," mama alisema.

"Naam, mama."

"Kirudishe kitanda changu ukutani."

FUNZO

Ndugu zangu, wa nyumbani hawatoi barua ya malalamiko. Wanazoea, wananyamaza, nasi tunadhani wameridhika. Ule uvumilivu tunaompa mgeni, wa kupima, kuandaa na kusubiri, ndio wanaoudai wa kwetu, nao wanaudai kwanza. Emrys alibahatika kwa sababu kitanda kilikuwa kimesogezwa. Wewe usingoje kipande kianguke.