Waya wa Kuwasha Taa Tu

Kila siku akitoka shule, Chiriku hupitia ofisini kwa mama yake, anatupa begi chini ya meza na kuanza kusimulia: nani kapigana, nani kalia, mwalimu kasema nini. Jina hilo la utani hakupewa bure. Lakini siku hiyo alimkuta mama kajishika kichwa mbele ya kompyuta, akaketi pembeni, begi kalikumbatia.

Mama yake ni mpimaji ardhi. Wiki tatu nzima alipanda na kushuka vilima akipima viwanja, na vipimo vyote akavihifadhi kwenye diski moja ndogo ya nje, ya kuchomeka kwa waya. Leo kompyuta haiioni.

"Si taa yake inawaka?" aliuliza bosi, kasimama mlangoni.

"Inawaka, mzee. Ila nikiiuliza mashine ina diski ngapi, inasema moja tu, ile ya ndani."

Kompyuta yenyewe ni ya Unix: unaiandikia amri, nayo inakujibu kwa maandishi. Mama akaandika, akasoma, akapiga miayo. Akaihamishia diski kwenye tundu lingine. Wapi! Akazima kompyuta, akaiwasha. Hakuna kitu.

"Basi imekufa," alisema bosi. "Pole, mama. Kesho asubuhi gari litakurudisha ukapime upya." Akaondoka.

Mama alivua viatu polepole, akaanza kujikanda kifundo cha mguu.

"Chiriku, kuna mtu kagusa hii meza?"

"Sijui, mama."

Uongo mtupu! Jana, japo meza hiyo amekatazwa kuigusa, aliuchomoa waya wa diski, kwa kuwa ni mrefu, akaenda nao nyumbani kuchajia simu. Mahali pake akachomeka mwingine mfupi alioukuta kwenye droo. Kwake yeye waya ni waya, na taa si iliwaka?

Akautazama ule mguu. Ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Mama... huo waya si wake. Wake uko kwenye begi langu."

Mama alimkodolea macho. Hata nguvu ya kufoka hakuwa nayo. Alinyoosha mkono tu, akabadilisha waya, akaandika amri ileile. Diski mbili.

"Huu uliouchomeka ni wa kuchajia," alisema. "Unapitisha umeme, basi. Taarifa haupitishi." Hapohapo akaanza kunakili vipimo kwenye kompyuta. "Na mimi nimekosa. Kazi ya wiki tatu naiweka mahali pamoja!"

"Utanichapa?"

"Kwa mikono ipi?" Mama alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Sikia, mwanangu. Tangu saa sita naihoji mashine, na kila mara imenijibu ukweli: sioni diski. Wewe nimekuuliza mara moja tu, ukanidanganya. Kosa lako lilikuwa la kumaliza kwa dakika moja. Ulipolificha likawa la wiki tatu, na la miguu yangu. Ukikosea, sema mapema. Haya, mfuate bosi ukamwambie mwenyewe, kabla hajaagiza gari."

Chiriku akainuka, akaenda.