Raba ya Kifuniko cha Rejeta

Kila Jumamosi, kabla ya kiamshakinywa, Kathure aliosha gari kuukuu la baba yake nje ya nyumba yao mtaani Dallas, mjini Embu. Alifungua boneti, akaongeza maji kwenye rejeta, kisha akafunga kifuniko. Aliipenda kazi hiyo, na hakuna aliyemsukuma kuifanya.

Jumamosi hii alikuwa na haraka. Cucu, mama mzazi wa baba yake, alikuwa amelazwa hospitalini Meru, mgonjwa sana, naye aliomba kitu kimoja tu: uji wa wimbi uliopikwa na Kathure. Uji ulikuwa tayari, lakini chupa ya chai ilivuja kwa sababu raba ya kizibo ilikuwa imepotea. Kathure alipogeuza kifuniko cha rejeta aliona raba ya mviringo, imelegea. Aliichomoa, akaiosha kwa sabuni mara mbili, akaitia kwenye kizibo. Chupa haikuvuja hata tone! Msichana wa watu alifurahi sana, akakimbia kuvaa viatu.

Yeye na baba yake waliondoka kuelekea Meru, wakapita Runyenjes vizuri. Walipokuwa wakipanda mlima wa Thuci, mvuke ulifuka kutoka kwenye boneti. Baba aliegesha gari kando.

"Usikaribie," alisema. "Ukifungua rejeta ikiwa moto, maji yatakurukia usoni."

Walingoja ipoe. Baba alifungua kifuniko kwa kitambaa, akakigeuza, akakunja uso.

"Raba imeenda wapi? Hii raba na springi ndizo hubana maji. Yakibanwa hayachemki haraka, hata injini ikiwa moto. Sasa presha yote inatoroka, maji yanachemka na kumwagika. Kathure, si wewe huosha gari? Hukuiona?"

Chupa ilikuwa mapajani pake. Ilikuwa ni kufungua kizibo tu na kusema, basi. Lakini aliogopa kukaripiwa.

"Sijaiona, Baba," alijibu.

Waliomba maji katika nyumba iliyokuwa karibu, wakajaza, wakaondoka. Gari lilichemka tena. Walipofika Chuka walitafuta kifuniko kingine, lakini vyote walivyoonyeshwa havikutoshea. Huko ndiko simu ya shangazi Nkirote, aliyekuwa hospitalini na Cucu, ilikowapata.

"Mmefika wapi?" aliuliza. "Mama anamuulizia Kathure. Harakisheni, tafadhali."

Kathure alisikia kila neno. Moyo ulimuuma, lakini sasa alikuwa amekwisha kusema uongo, na kuukiri kulimtisha zaidi. Mbele kidogo gari likachemka mara nyingine, wakangoja tena.

Shangazi aliwapokea mlangoni mwa wodi akilia.

"Ametuacha sasa hivi," alisema. "Amekungoja, Kathure. Alikuwa anatazama huu mlango."

Kathure aliketi sakafuni. Alifungua chupa. Uji ulikuwa bado unatoa mvuke. Akachomoa raba na kumpa baba yake.

"Ni mimi, Baba. Nilitaka uji wa Cucu ufike ukiwa moto."

Baba aliitazama raba ile, machozi yakimtiririka. Kisha aliketi kando yake, akamkumbatia.

"Cucu alikuwa mgonjwa sana. Si wewe uliyemuua, na usiwahi kufikiri hivyo," alisema. "Kuchukua raba lilikuwa kosa la mtoto anayempenda nyanya yake. Lakini pale Thuci nilikuuliza. Ungeniambia, ningeirudisha pale pale na tungemkuta. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

Kathure alilia begani mwa baba yake.

Kesho yake baba aliirudisha raba mahali pake, wakaanza safari ya kurudi Embu. Gari lilipanda milima ile ile yote bila kuchemka hata mara moja, na Kathure, akiwa na chupa tupu mapajani, alilia njia nzima.