Uliza, Kisha Meza Mate

"Wifi, nimeona bora ulisikie kwangu kuliko kulisikia saluni," dada wa mume alimwambia Mwalimu kwenye simu. "Jumamosi wazee wanataka kupeleka posa kwa binti mmoja huku. Wanamposea kaka."

"Posa? Ya mume wangu? Na mwenyewe amekubali? Amekubali, bila shaka, nani akatae binti mbichi. Haya wifi, nashukuru kwa taarifa. Wasalimie."

Akakata.

Haukupita muda, ujumbe ukaingia: *Wifi umekata sijamaliza.*

Akausoma, akasonya. "Amalize nini tena? Anataka kunitajia na rangi ya gauni."

Mwalimu huyu wa darasa la tatu, shule nzima na mtaa mzima walimwita Radio. Si kwa ubaya. Ni kwamba alikuwa akiuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla wewe hujafungua mdomo. Dukani angesema, "Sukari ipo? Haipo, naona rafu tupu," akageuka akaenda zake, na muuza duka amebaki na kilo mkononi.

Alikaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo zamani ilikuwa ya watu wawili. Akiingia tu, anawasha televisheni, wala haiangalii. Akipika, sufuria ni ileile ya zamani na kipimo ni kilekile, halafu nusu inalala. Jikoni lilikuwepo friji kuukuu ambalo mumewe alilifufua kwa mikono yake. Lilikuwa likinguruma wee, kisha likinyamaza ghafla, nyumba nzima inakuwa kama imeshikwa koo.

"Leo watoto wamekuchosha?" alikuwa akijiuliza kwa niaba ya lile friji. "Wamenichosha. Pole. Nishapoa."

Mume alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache tena ya polepole. Mashine ikiharibika, wenzake wanakimbilia bisibisi, yeye anaweka sikio kwanza. Walioana kwa mapenzi, miaka ikapita, mtoto hakuja, na nyumbani kwa mume midomo ikaanza kucheza. Jioni moja mwaka jana alirudi kutoka kwa mama yake, uso umemshuka.

"Wamekwambia uoe mwingine?" Radio alimuuliza kabla hajakaa. "Wamekwambia. Na wewe unataka? Unataka, naona usoni. Basi nenda, mlango huo."

Fundi alivuta pumzi, akafungua mdomo, akaufunga. Akachukua sanduku lake la vifaa. Talaka haikuandikwa, ila tangu siku ile yeye alikuwa mji mwingine kwenye kiwanda cha barafu, na Radio alikuwa na friji.

Sasa posa.

Kesho yake, Alhamisi, alikwenda kazini macho yamevimba, akasema ni mafua. Bahati mbaya ndiyo siku ambayo mtafiti alikuwa analeta matokeo yake. Mtafiti mwenyewe alikuwa dada mwembamba wa miwani, alikuwa amekaa viti vya nyuma madarasani wiki mbili na kinasa sauti chake, hasemi neno. Aliomba ruhusa ya kila mwalimu kabla ya kusikilizisha sauti yake mbele ya wenzake. Radio alishakubali, akitegemea kusifiwa.

Ofisi ya walimu ilijaa. Sauti ikatoka:

"Kwa nini nguo iliyofuliwa inakauka? Kwa sababu ya jua. Jua linafanya nini? Linafyonza maji. Mmeelewa? Mmeelewa. Vizuri sana."

Mwalimu wa hesabu alicheka mpaka akashika meza. "Radio umejitungia mtihani, umejisahihishia, na umejipa vema."

"Siyo yeye peke yake," mtafiti alisema. "Hata wewe, mwalimu, yako ninayo. Na tafiti za nchi nyingi zimekuta hivihivi: mwalimu akiuliza, hasubiri hata sekunde moja. Waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema."

"Hao walikuwa na watoto ishirini," mwalimu wa hesabu alimkatiza. " Mimi ninao themanini. Nikinyamaza sekunde tatu wanang'oa dirisha."

"Inawezekana. Ndiyo maana siwaambii mniamini. Nawaambia tujaribu hapahapa, na watoto wenu hawahawa, tupime. Isiposaidia tunaiacha."

"Sasa tunasubirije?" Radio aliingilia. "Tunahesabu vidole? Tunahesabu, halafu..."

Mtafiti alimtazama tu. Akamnyamazia mpaka Radio akajisikia mwenyewe.

"Uliza, kisha meza mate mara tatu," mtafiti alisema. "Huwezi kumeza mate na kuongea kwa wakati mmoja."

Walimu wakaangua kicheko. Radio hakucheka. "Dada, hebu rudisha pale mwanzo," aliomba.

Sauti ikarudi. Katikati ya *kwa nini* na *kwa sababu* ulisikika mvuto mdogo wa pumzi, wa mtoto aliyetaka kusema, kisha sauti yake yeye mwenyewe Radio ikaja ikaukanyaga. Ile pumzi aliijua. Alishawahi kuisikia sebuleni kwake.

Ijumaa aliingia darasani akaandika tarehe, akageuka.

"Nguo mkiianika kivulini, jua halipo, bado inakauka. Kwa nini?"

Jibu lilikuwa ulimini. Akameza mate. Watoto wakatazamana, mmoja akanong'ona, "Mwalimu anaumwa." Akameza tena. Ya tatu ilishuka kwa shida. Kwenye benchi la mwisho, kabinti ambako tangu mwaka uanze hakajawahi kusema zaidi ya "nipo", kakanyanyua kidole nusu.

"Mwalimu... upepo nao una kiu."

Radio alisimama na chaki yake. Mwaka mzima alikuwa amekaandikia kabinti haka kwenye ripoti kwamba hakaelewi.

Kengele ya kutoka ilipolia, hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye dawati la mbele, darasa tupu, vumbi la chaki hewani. Akafungua ujumbe wa wifi. *Umekata sijamaliza.* Akausoma tena na tena. Akapiga, ila hakumpigia wifi.

Nyuma ya simu mitambo ilikuwa ikinguruma. Kisha mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Fundi," alisema.

"Mwalimu."

"Kesho unaposa?"

*Unaposa.* Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza na mate yake. Kimya. Akameza tena. Kimya. Aliona kama anakaa juu ya kaa la moto.

"Upo?" Fundi aliuliza.

"Nipo. Nasubiri."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nijibu."

Kikapita kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Radio alishika ukingo wa dawati.

"Siposi mtu," Fundi alisema. "Wazee wamejipangia wenyewe, nimeshawakatalia. Dada nilimtuma mimi, usije ukasikia habari nusu. Akasema umemkatia."

Radio alifumba macho. "Na siku ile? Nilikuuliza kama unataka mwingine."

"Uliuliza ukajibu. Nikajua hilo ndilo jibu unalotaka."

"Ungejibu nini?"

Akameza mate. Safari hii hakuhesabu.

"Ningesema nimetoka kugombana na mama. Nilimwambia watoto wakija waje, wasipokuja basi, nyumba yangu ni ile na mke wangu ni yule. Lakini hayo ni maneno mengi, Mwalimu. Maneno mengi yananichukua muda, nawe hukuwa nao."

"Mwaka mzima, Fundi. Ulishindwa hata kupiga simu?"

"Nilipiga."

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza tangu niondoke. Ukasema, 'Umepiga kuniambia umepata mwingine? Umepata. Hongera.' Ukakata."

Alikumbuka. Siku ile alijiona mshindi, akaongeza sauti ya televisheni. Machozi yalianza kudondoka juu ya dawati lililochorwa majina ya watoto.

"Na mimi nikuulize," Fundi alisema. "Unataka nirudi?"

Radio alifungua mdomo. Mtu aliyezoea kulimwagia maneno soko zima hakupata hata moja. Alilia tu, simu sikioni. Na Fundi hakukata, hakumharakisha, hakumjibia. Alisubiri kama anavyosubiri mashine ijieleze yenyewe.

"Rudi," alisema mwishowe.

Kesho yake, saa ambayo wazee walikuwa wamepanga kupeleka posa, mlango uligongwa. Televisheni ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Radio akafungua. Fundi alikuwa amesimama na sanduku lake la vifaa, amekonda kidogo, kola ya shati imepinda.

"Umekula?" Radio aliuliza.

Fundi alingoja ajijibu mwenyewe, kama zamani. Jibu halikuja. Jikoni friji likanguruma, likanyamaza. Mke wake alikuwa amebana midomo, koo linapanda na kushuka.

"Mbona umenyamaza?"

"Nameza mate," Radio alisema. "Nasubiri jibu."

Fundi aliweka sanduku chini. Alichukua muda wake wote.

"Sijala," alisema. "Nilitaka nile hapa."