Maji ya Mvua ya Kwanza

Moteri ilikohoa mara mbili, ikanyamaza katikati ya mlango wa Ishungu, pale ghuba ya Bukavu inapofungukia ziwa kubwa. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana. Noëlla alitazama saa kwa mazoea tu. Miaka saba alikuwa ameandika saa ya kila kitu kilichotokea juu ya maji haya. Kusini, juu ya vilima vya mji, anga lilikuwa limegeuka jeusi kama sufuria ya kuni, na upepo ulikuja ukisukuma mbele yake mstari mweupe wa povu.

"Docta, weka matako chini!" Papa Zagabe, mwenye mtumbwi, alipiga kelele. "Huku si mu auditoire ya chuo!"

Télesphore aliketi. Hakuwa daktari bado. Alibakiza mwaka mmoja wa thèse, tasnifu yake ya udaktari. Lakini Zagabe alimwita hivyo tangu asubuhi, alipoviona vifaa vyake vipya, na kila mara Noëlla aliposikia neno lile alihisi mchanga kati ya meno. Yeye, chef de travaux, mkufunzi mwandamizi wa chuo, aliyeandikishwa kwa udaktari kabla Télesphore hajamaliza shahada ya kwanza, aliitwa "maman" tu.

Kijana huyu kutoka Walungu alikuwa mwanafunzi wake. Alifika darasani kwake hajui kushika chupa ya sampuli, akamfundisha. Ni Noëlla aliyesema kwanza, mbele ya ubao, kwamba udongo unaomomonyoka katika makorongo ya Cimpunda hushuka na mto Kawa hadi ziwani, na kwamba wa kuupima ni ule unaoletwa na mvua ya kwanza ya Septemba, inayofagia vumbi la miezi mitatu kwa siku moja. Télesphore aliliandika wazo hilo vizuri, akapata bourse, ufadhili wa kwenda Ubelgiji. Hakuiba. Kinachosemwa darasani ni cha wote, na Noëlla angemwambia hivyo mtu yeyote. Ukweli huo haukumpoza hata kidogo.

Leo Télesphore ndiye aliyekodi mtumbwi. "Madame, nafasi iko," alikuwa amemwambia, kwa adabu. Amekaribishwa mgeni katika kazi yake mwenyewe.

Kwenye omo, mbele ya mtumbwi, zilipangwa bidoni sita za lita ishirini, zimejaa maji ya rangi ya tofali. Nne zilikuwa na utepe wa bluu, za Télesphore. Mbili utepe mwekundu, zake. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi. Nyingine kama hiyo ingekuja baada ya mwaka, na hakuna kati yao aliyekuwa na mwaka wa kungoja. Télesphore alikuwa apande ndege baada ya wiki mbili, kwa safari yake ya mwisho ya maabara. Noëlla, kitivo kilikuwa kimemwandikia barua: mwaka huu, au jina lake lifutwe.

Wimbi la kwanza liliingia kwa nyuma, likamlowesha Zagabe hadi kifuani. La pili halikusubiri zamu.

"Maji ya bidoni, mwangeni!" Zagabe alipaza sauti huku akichota kwa beseni. "Kilo mia moja na makumi mbili, munataka tuzame? Lakini musitupe bidoni! Mwanga, funga kifuniko, funga ku kamba. Njo bouée hiyo, boya yetu!"

Télesphore alikuwa nyuma, anachota. Aliyekuwa karibu na bidoni ni Noëlla. Za bluu na nyekundu zilikuwa umbali mmoja kutoka mkono wake. Alilijua hilo wakati ule, na alilijua baadaye. Alifungua ya bluu, akaimwaga. Kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Alizikaza vifuniko, akazifunga kwa kamba. Alipokuwa anakaza fundo la mwisho mtumbwi ulipanda ubavuni mwa wimbi, ukalala, ukajaa.

Moteri ilizunguka kwenye kishikio chake, ikampiga Télesphore kigasha. Noëlla alisikia mfupa. Maji yalimfunika yeye mwenyewe, akaibuka akikohoa, ameshika ubao. Nyuma ya mtumbwi ilikuwa inadidimia, inavutwa na moteri. Zagabe alipiga mbizi. Alipoibuka, mtumbwi uliinuka naye.

"Moteri iko wapi?" Noëlla aliuliza.

"Inaenda kutafuta samaki." Alikuwa ameifungua iende chini.

Sasa mtumbwi ulielea umejaa maji, ukingo wake ukionekana kwa upana wa kidole. Zagabe aligawa bidoni tupu: moja kwa kila mtu, ya nne nyuma ya mtumbwi. Jaketi la kuokolea la Télesphore lilikuwa la zamani, sponji yake imekunywa maji. Alikuwa mtoto wa milimani, hajui kuogelea, na kwa mkono mmoja alikumbatia bidoni kama mtu anayeshikilia mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

"Upepo inatupeleka wapi?" aliuliza.

"Ku kisiwa ya Idjwi. Lakini hata kesho hatutafika. Batu ya kuvua samaki ya sambaza batatoka Ishungu saa kumi na moja, njo batatuona."

"Maji iko makumi mbili na tatu degrés. Nilipima asubuhi."

"Basi baridi inatupa masaa nne, tano," Noëlla alisema. "Asiyetoka damu."

Télesphore alikuwa anatoka damu, kwenye paji la uso na kwenye kigasha. Zagabe alivua shati, akalifunga kwenye mkono kwa meno yake.

"Niko na kiu," Télesphore alisema baada ya muda.

"Kunywa, docta. Ziwa yote njo somo yako."

Walicheka wote watatu, na kicheko kiliwagharimu pumzi.

Bidoni mbili nyekundu zilikuwa zimefungwa kwenye omo, bado zimejaa. Bidoni ya maji ndani ya maji haina uzito. Haimzamishi mtu, wala haimwinui. Noëlla alikuwa ameushika ukweli huo kama alivyoushika ubao.

Saa tisa na dakika arobaini uso wa Télesphore ulizama kwa mara ya kwanza. Zagabe alimvuta kwa ukosi. Mvua ilikuwa inapiga ziwa hadi likatoa moshi, na mikono ya mzee ilikuwa imeanza kulegea.

"Maman! Zile nyekundu! Fungua, tumufunge moja huku na moja huku!"

"Ngoja," Noëlla alisema. "Upepo unapungua."

Ilikuwa kweli, upepo ulikuwa unapungua. Ndiyo maana alisema. Uongo ungemwaibisha, ukweli ulimpa mahali pa kujificha. Alitazama mawimbi, akakadiria urefu wake, akajiambia nusu mita, si zaidi. Alijiambia bidoni moja ina uwezo wa kubeba kilo ishirini na kichwa cha mtu hakizidi tano. Hesabu ilikuwa sahihi. Alijiona pia, waziwazi kana kwamba ni picha ukutani, amesimama mbele ya jopo la watahini, na mwenyekiti wa jopo anamwita daktari.

Uso ulizama mara ya pili. Safari hii Télesphore alipoibuka hakukohoa. Alifungua macho, akatazama omo, akatazama zile tepe nyekundu, kisha akamtazama yeye. Alikuwa mwanafunzi wake, hesabu aliifahamu.

Noëlla alitazama saa. Saa tisa na dakika hamsini na moja.

Akajivuta kwenye ukingo wa mtumbwi hadi omo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kifuniko alikifungua kwa meno. Akaipandisha bidoni kwenye ukingo, akaiinamisha. Kilima cha Cimpunda kilitoka kwa mikupuo, wingu jekundu ndani ya maji ya kijani, likatawanyika, likawa si kitu. Alikaza kifuniko, akairudisha kwa kuvuta kamba, akaipitisha chini ya kwapa la Télesphore na kumfunga nayo kifuani. Kichwa cha kijana kilikaa juu ya maji.

"Na ile ingine?" Zagabe aliuliza.

"Hii inatosha."

Ilitosha.

Wavuvi wa sambaza waliwaona jua likiwa bado kiganja kimoja juu ya milima: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na wimbo wa makasia uliokatika ghafla. Waliwafikisha Ishungu kabla ya giza. Katika nyumba ya Maman Christine, mke wa mmoja wao, walimlaza Télesphore kwenye mkeka, wakamfunga vibao viwili mkononi, wakamnywesha uji wa mtama. Mvua ilikuwa imekata barabara. Pikipiki ya kumpeleka hospitali ingepatikana asubuhi.

Zagabe aliketi mlangoni, amejifunika kitenge cha mwenye nyumba.

"Maman," alisema bila kugeuka, "moteri yangu nilitupa mu seconde moja. Wewe ulihesabu."

Noëlla aliingia ndani, akachuchumaa kando ya mkeka. Télesphore alikuwa macho.

"Uliniita," Noëlla alimwambia, "yaani Papa Zagabe aliniita, nifungue. Nikakaa dakika kumi na moja. Si kwamba sikusikia."

"Niliona."

"Zako nne nilizimwaga kwanza. Zangu zilikuwa karibu vilevile."

Télesphore alitazama paa. "Onze minutes," alisema. "Kama zingekuwa zangu, na wewe ndiye mwenye mukono imevunjika... sijui, Madame. Pengine quinze." Alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Kule Ubelgiji bananiuliza kila mara: wazo hii ulitoa wapi? Najibu: mu terrain, kule tunapima. Jina yako sijaitaja hata siku moja. Nawaza nikiitaja, batasema basi muite yeye."

Noëlla hakuwa na kipimo cha kujua kama zile dakika kumi na tano zilikuwa kweli au huruma. Yale ya Ubelgiji aliyaamini. Yalikuwa na umbo la kitu alichokifahamu.

"Inabaki moja?" Télesphore aliuliza.

"Moja. Lita ishirini."

"Kila mutu kumi. Makosa ya kipimo itapanda."

"Kwa asilimia arobaini hivi."

"Watahini batapiga kelele."

"Wapige."

Akafumba macho. Homa ilikuwa imempanda, na kabla Noëlla hajasimama alikuwa amelala.

Maman Christine alimpa Noëlla bidoni tupu. Noëlla aliisuuza mara tatu, akafunga juu yake kipande cha utepe wa bluu. Kisha akaivuta ile ya utepe mwekundu karibu na mlango, kwenye mwanga wa taa ya mafuta. Ilikuwa imesimama pale saa moja na zaidi, na udongo ulikuwa umeshuka wote; ulilala chini kama mashapo ya pombe, na juu yake maji yalikuwa safi. Anayemiminiwa kwanza angepata maji matupu. Anayebaki na bidoni angebaki na Cimpunda. Jambo lilikuwa wazi kabisa, na nyumba nzima hakukuwa na mtu wa kulijua isipokuwa yule aliyelala.

Noëlla aliikaza kifuniko. Akaibeba mapajani, akaitikisa kwa mikono miwili, huku na huku, hadi mabega yaliyopigwa na ziwa yakawaka moto, na akaendelea. Maji yalipokuwa mekundu toka juu hadi chini aliifungua haraka, kabla hayajatulia, akamimina lita kumi za Télesphore.